SPX90 ya volti 100 kwenye studio ndogo Arua: umeme, waya na kuirudisha ndani ya Reaper

adungu_arua

Salamu, mafundi. Nimepata Yamaha SPX90, mashine ya athari za sauti, iliyotoka Japani. Kibandiko cha nyuma kinasema 100 V, 50/60 Hz. Kwenye soketi ya hapa sijaichomeka bado. Muuzaji aliiwasha kwa transfoma yake, ikawaka vizuri, ila kioo kilionyesha LOW BATTERY kabla ya kuingia kwenye programu.

Studio ina kompyuta ya mkononi yenye Reaper (programu ya kurekodi), intafesi ya Focusrite Scarlett 4i4 (kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta), spika mbili na raki ya mbao. Kazi kubwa ni adungu (kinubi cha huku), waimbaji, na kwaya za kanisani. Nataka riverbu (mwangwi wa ukumbi) na dilei (sauti inayojirudia) zitoke kwenye mashine hii, si kwenye plagini.

Nifanyeje kuhusu umeme? Hilo onyo la betri ni hatari? Na waya zipite wapi ili treki nyingi zitumie mashine moja kwa wakati mmoja?

transfoma_mbale

Ndugu, umefanya vyema kutoichomeka. Umeme wetu Uganda ni volti 240, mizunguko 50. Hiyo ni mara 2.4 ya kile mashine ilichotengenezewa. Fyuzi ikichelewa kidogo tu, transfoma ya ndani inaungua, na kupata nyingine ya aina ile ni kazi kwelikweli.

Tafuta transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 100. Madukani watakupa ya 110 na kukuambia ni kitu kilekile. Sicho. Kwa 110 tayari umezidisha asilimia 10, na umeme wa mtaa ukipanda hadi 255, transfoma hiyo itatoa karibu 117. Ziada yote inageuka joto ndani ya sanduku lisilo na feni, na joto ndilo linalokausha kapasita za mashine za miaka ya 1980. Mizunguko isikusumbue: kibandiko chenyewe kimeandikwa 50/60.

Ukubwa: SPX90 inakula wati 20 hivi. Transfoma ya VA 50 (VA ni volti mara ampia) inatosha, ya VA 100 inafanya kazi bila kupata joto. Epuka vile vigeuzi vidogo vyepesi vilivyoandikwa wati 1000 au 2000 kwa ajili ya pasi na vikausha nywele. Vile havishushi volti kwa koili, vinakatakata wimbi, na kifaa chenye transfoma ndani hakivitaki kabisa. Transfoma ya kweli ina uzito mkononi.

Chagua yenye koili mbili zilizotengana. Kupima ni rahisi: ikiwa haijachomekwa, weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine kwenye tundu la upande wa 100. Kukiwa na muunganiko, ni ya koili moja. Ya koili moja inaweza kuendesha mashine, lakini haitenganishi chochote na umeme wa ukutani. Kabla ya kuunganisha mashine, pima volti zinazotoka. Bila mzigo, 103 hadi 106 ni kawaida, zitashuka ukiwasha. Ukiona 115, rudisha dukani.

Kwenye plagi ya pini tatu ondoa fyuzi ya ampia 13, weka ya 3. Stabilaiza ikae kabla ya transfoma, si baada yake. UPS ya bei nafuu yenye wimbi la mraba itaifanya transfoma ivume. Ukitaka UPS au inveta, iwe ya wimbi safi la sain. Umeme ukikatika, zima swichi ukutani, na ukirudi subiri dakika chache utulie kabla ya kuwasha.

adungu_arua

Asante sana, mzee. Nitatafuta ya VA 100 yenye koili mbili. Na betri?

chipu_na_betri

Betri haihusiki na sauti. Ni CR2032 ya volti 3 iliyochomelewa kwenye ubao, inatunza programu ulizohifadhi mwenyewe. SPX90 ina preseti (programu zilizopangwa tayari) 30 za kiwandani, namba 1 hadi 30, ambazo hazifutiki. Namba 31 hadi 90 ndizo zako, na hizo ndizo zinazopotea betri ikifa. Kwa hiyo unaweza kuanza kazi leo na kubadilisha betri baadaye, mradi usihifadhi kitu unachokithamini.

Wakati wa kubadilisha, piga picha za vigezo vya kila programu iliyomo unayoitaka, kwa sababu ukitoa betri vyote vinaondoka. Chomoa umeme, ngoja nusu saa, fungua kifuniko cha juu. Tengeneza mchoro wa upande wa chanya kabla hujagusa. Usichomelee risasi moja kwa moja juu ya betri: ikipata joto inaweza kupasuka. Nunua yenye miguu iliyokwisha kubandikwa, au bora zaidi chomelea kishikio, ili mara nyingine iwe ni kuchomoa na kuchomeka tu. Betri mpya inapima volti 3 na zaidi kidogo; iliyoshuka chini ya 2.7 usiirudishe ndani.

Ukiwasha tena, namba 31 hadi 90 zinaweza kuonyesha takataka. Si uharibifu. Ita preseti ya kiwandani, ihifadhi juu yake, namba itakuwa safi.

mikisi_jinja

Haya, waya. Jambo la kwanza kuelewa kuhusu SPX90: inaingiza mono, inatoa stirio. Kwa hiyo unahitaji waya mmoja wa kwenda na miwili ya kurudi, na 4i4 ina nafasi za kutosha kabisa.

Kwenda: tundu la kutoa namba 3 nyuma ya 4i4 hadi INPUT ya SPX90. Kurudi: OUTPUT L hadi tundu la kuingiza 3, R hadi la 4. Hayo mawili yako nyuma, ni ya kiwango cha laini (line), hayana priampu ya maikrofoni, na ndivyo inavyotakiwa.

Matundu ya SPX90 hayana balansi. Kwa waya wa kwenda tumia jeki ya TRS, yenye sehemu tatu, upande wa intafesi na ya kawaida upande wa mashine: ncha kwa ncha, shina kwa shina, na pete ya katikati iache wazi, usiiunganishe popote. Utapoteza desibeli 6, ambazo hazina maana hapa. Waya usizidi mita 3.

Nyuma ya mashine kuna swichi za kiwango, desibeli -20 na +4. Intafesi ni kifaa cha laini, kwa hiyo weka +4. Ukiacha kwenye -20, pembejeo itapasuka hata ukiwa umeshusha kila kitu, na watu wengi huilaumu mashine kuwa mbovu. Baada ya hapo, peleka sauti yenye wastani wa -18 kwenye mita ya Reaper, kisha pandisha kitufe cha INPUT mbele hadi taa za juu ziguswe na vilele tu. Nyekundu isikae. Usipeleke kwa woga pia: mashine hii ni ya biti 16, ukiipa sauti ndogo utaipandisha pamoja na mvumo wake wakati wa kurudi.

Sasa Reaper, na hapa ndipo panapokosewa zaidi:

1. Fungua Focusrite Control uhakikishe tundu la 3 linapokea Playback 3, si nakala ya spika.
2. Tengeneza treki iitwe SPX KWENDA. Zima kiunganisho chake na Master. Ongeza hardware output ya mono kwenye tundu la 3.
3. Kutoka kila treki (adungu, waimbaji) tuma kwenda SPX KWENDA, post-fader. Ukishusha adungu, riverbu yake ishuke nayo.
4. Tengeneza SPX KURUDI, input ya stirio 3/4, washa record monitoring. Hii iende Master peke yake. Isitumwe kamwe SPX KWENDA, maana hapo sauti itazunguka na kupiga yowe litakaloharibu masikio na spika.
5. Kwenye mashine, bonyeza BALANCE, uweke 100%. Fanya hivyo kwa kila programu, kisha STORE, kwa sababu kila moja inabeba balansi yake.

Namba 5 ni muhimu kuliko zote. Kwa mpangilio huu mashine itoe athari tupu, sauti kavu (isiyo na athari) ibaki ndani ya kompyuta. SPX90 inachukua sampuli kwa 31.25 kHz, kwa hiyo athari zake zinakatwa karibu na 12 kHz. Kwa mkia wa riverbu ni jambo zuri, unakaa nyuma ya mwimbaji bila kugombana na herufi "s".

Ukimaliza, irekodi SPX KURUDI kama treki ya kawaida. Bila hivyo utalazimika kutoa wimbo kwa online render, muda wa wimbo ukiwa ndio muda wa kungoja.

adungu_arua

Imewaka, inalia vizuri! Transfoma inatoa 104 ikiwa na mzigo. Matatizo mawili. Kuna mvumo wa chini hata kabla sijatuma sauti. Na ninapoiita preseti ya 1, sauti ya mwimbaji inakuwa kama anaimba ndani ya bomba. Nikirudi kwenye ile niliyohifadhi, iko sawa.

mikisi_jinja

Bomba limejieleza lenyewe: preseti ya kiwandani imekuja na balansi yake, si 100%. Sauti kavu inapita pia kwenye mashine, inarudi ikiwa imechelewa kwa muda wa kwenda na kurudi ndani ya intafesi, inachanganyika na kavu iliyomo Reaper. Ikichelewa milisekunde 5, mashimo yanatokea kwenye 100 Hz, 300, 500, na kuendelea hivyo hadi juu. Hakuna ikwaliza itakayoyajaza. Nakili preseti zote unazozipenda kwenye 31 na kuendelea zikiwa na 100%, usiguse tena zile za mwanzo katikati ya kazi.

Kwa athari tupu ucheleweshaji huo ni kama pre-delay ya ziada, hauna madhara. Ila ujue: ukirekodi, Reaper inairudisha treki mahali pake kwa kufidia ucheleweshaji, hivyo riverbu itasikika karibu zaidi kuliko ulivyoizoea wakati wa kusikiliza. Ongeza milisekunde hizo kwenye DELAY ya programu. Ukitaka kufanya kazi kwa plagini ya ReaInsert badala ya treki mbili, weka mashine kwenye BYPASS kabla ya kubonyeza ping, la sivyo itapima mkia wa riverbu.

transfoma_mbale

Kuhusu mvumo: kwanza chomoa chaja ya kompyuta, iendeshe kwa betri yake. Ukitoweka, ni mzunguko wa ethi (ground loop) kati ya chaja na raki. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, na kama bado upo, weka transfoma za kutenganisha sauti, za 1:1, kwenye waya mbili za kurudi. Usikate pini ya ethi. Ni ushauri unaozunguka sana na unaua watu.

Kama chaja haihusiki, sogeza transfoma ya kushusha mbali na mashine, nusu mita walau, na uigeuze upande. Uga wake unaingia kwenye waya zisizo na balansi. Mvumo mkali wenye nzi, wa 100 Hz badala ya 50, usiobadilika hata ukichomoa waya wa kwenda, huo ni wa kapasita za ndani zilizochoka. Mpelekee fundi azibadilishe zote za usambazaji umeme kwa pamoja.

kwaya_gulu

Niongeze ya muziki wenyewe, maana nimeona adungu imetajwa na hakuna aliyeigusa.

Adungu ina mshindo wa kidole mwanzoni na mlio wa ngozi chini. Ukiupeleka mlio wa chini kwenye riverbu, wimbo mzima unakuwa tope. Kwenye programu weka HPF (kichujio kinachokata sauti za chini) 250 Hz. Kwa adungu kubwa ya besi usitume kabisa. Tumia preseti ya REV 4 PLATE, muda sekunde 1.4, HIGH 0.6, DELAY milisekunde 25 ili kidole kisikike kwanza. Kwa mwimbaji, REV 3 VOCAL, sekunde 1.8, LPF (kinachokata za juu) 8 kHz.

Kwaya iliyorekodiwa kanisani tayari ina chumba chake. Usiiongezee ukumbi juu ya ukumbi. Tuma waimbaji wa mbele tu, kidogo.

Dilei ya kufuata mdundo: 60000 gawanya kwa kasi ya wimbo. Kwa kasi 96, pigo zima ni milisekunde 625, na hilo SPX90 haliwezi, mwisho wake kwenye dilei ya L,R ni 500. Tumia nusu pigo, 312.5, au robo tatu ya pigo, 468.75, upande mmoja kila moja. Kwa adungu inayopigwa kwa kupokezana mikono, 468.75 inaingia katikati ya nyuzi na kusukuma wimbo mbele.

Na kwa kiitikio chembamba: preseti ya PITCH CHANGE C, kushoto juu senti 8 (senti 100 ni nusu toni), kulia chini senti 8, balansi 100%, ukitumia kidogo tu chini ya sauti kavu. Hii ndiyo sababu watu bado wanaitafuta mashine hii.

adungu_arua

Chaja ndiyo iliyokuwa inavuma, kwa betri ya kompyuta kimya kabisa. Naagiza transfoma za 1:1. Swali dogo: kwenye raki niiweke wapi?

chipu_na_betri

Mbali na ampu ya nguvu, na uache nafasi ya U moja juu yake, yaani milimita 44.45. Ina kina cha milimita 285, kwa hiyo isining'inie kwa skrubu nne za mbele peke yake. Weka ubao nyuma wa kuishikilia. Kiangazi cha Desemba hadi Februari vumbi ni jingi huko kwenu: funika raki usiku, si wakati inafanya kazi. Kitufe cha INPUT kikianza kukwaruza, dawa ya kusafishia mawasiliano, tone moja, zungusha mara ishirini.