Yule wa mwavuli, mnamjua. Leo amenimaliza kabisa

Nimetoka Arboretum, ile bustani ya miti, sasa hivi, viatu vimejaa maji, na hasira niliyo nayo inaweza kuchemsha chai ya mtaa mzima. Jina silitaji. Kila anayebeba darubini asubuhi hapa Nairobi anamjua.

Jameni, nimengoja wiki tatu! Huko Ulaya baridi inaingia, wadudu wanaisha, ndege wale keremkerem wanafunga safari ya kusini. Mwezi huu wa kumi wanapita juu ya mapaa yetu. Siku za jua unawasikia tu, prruu prruu, wako juu mno hata rangi huioni. Ila mvua ikiwakamata wanashuka, wanajibanza kwenye matawi ya juu. Ndiyo maana nilitoka Kileleshwa kwa miguu saa kumi na mbili na nusu, vuli inamwaga kwa ndoo.

Masaa karibu matatu: kunguru. Kunguru. Shore mmoja amelowa. Kunguru.

Halafu wakatua. Kumi na mmoja! Koo la manjano, kifua samawati, mgongo kahawia ya kung'aa, wamebanana kwenye tawi moja kama abiria wa matatu. Nikainua darubini.

PWAA!

Mwavuli. Wa rangi saba, mkubwa kama hema la harusi, ameufungulia chini ya mti ule ule. Kumi na mmoja wote, kwaheri. Namwangalia, ananiambia: "Si ni ndege tu, boss. Watarudi."

Ndege TU! Watarudi! Wanaelekea kusini mwa Afrika, watarudi Machi! PWAA, masikio yangu bado yanaisikia.

kifaru_southb: Umehesabu kumi na mmoja kwenye mvua ya ndoo? Au ulihesabu matone?

Mwanzisha uzi: Nilihesabu kwa macho yangu mawili! Mwavuli wenyewe umeonekana hadi Ngong!

mama_wawili: Ni yeye tu. Mwezi jana City Park tulikuwa tumempata shorobo, anafungua mabawa yale mekundu, jamaa akapokea simu kwa spika. Shangazi yake anauza ng'ombe. Tulisikia bei zote.

kifaru_southb: Bei gani?

dereva_mchovu: Nyinyi mnalia ndege wameruka. Mimi wangu hawaruki. Nimeegesha karibu na mzunguko wa Nyayo, chini ya wale korongo wenye mifuko shingoni, dakika kumi tu. Gari nyeusi nimeikuta nyeupe.

mama_wawili: Afadhali wewe. Mwewe alimpokonya mwanangu soseji mkononi, uwanjani shuleni.

halali_kilimani: Kwarara je? Saa kumi na moja alfajiri, juu ya dirisha, HAA-HAADAA! Nina mtoto mchanga. Naomba mwavuli huo uje kwangu kesho.

Mwanzisha uzi: Huu uzi ni wa MWAVULI. Alisema "ndege tu"!

dereva_mchovu: Sawa kaka, pole. Lakini hii chokaa ya korongo inatoka na nini?

halali_kilimani: Loweka kwa maji ya vuguvugu kwanza. Usisugue ikiwa kavu, utakwaruza rangi.

dereva_mchovu: Nishasugua.