Naomba ushauri: ndugu wanataka mgonjwa afichwe kuwa ni saratani

Salaam wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, hasa wauguzi na madaktari mlio wodini hapa Dar.

Mgonjwa ni mama wa makamo. Majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kwenda kupimwa) yametoka: saratani ya mlango wa kizazi. Bahasha kaichukua mwanawe mkubwa, na ndugu wamekubaliana aambiwe "ni uvimbe tu", eti presha itapanda. Mama mwenyewe hajaulizwa kama anataka kujua. Hapo ndipo sisi wahudumu tulipoteleza: swali hilo huulizwa kabla ya kukata kinyama, si majibu yakishatoka.

Sasa rufaa ni ya Ocean Road, hospitali ya saratani, na daladala nzima inajua watu hufuata nini Ocean Road! Fomu ya ridhaa anatakiwa asaini mwenyewe. Halafu mionzi ya nje (inayopigwa na mashine kutoka nje ya mwili) ni siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi. Asiyejua anatibiwa nini, akianza kuharisha kwa sababu ya mionzi anaona dawa ndiyo inamuua, anaacha katikati.

Nimefuata hatua za SPIKES, mwongozo wa kutoa habari mbaya kwa mgonjwa: chumba cha faragha, nikawauliza ndugu wanachoogopa hasa. Wamelia, wamesikiliza, lakini hawataki niongee na mama peke yake.

Je, nimuulize vipi kama angependa kuelezwa yeye au aelezwe mwanawe, bila swali lenyewe kutoboa siri? Na akisema "mwambieni mwanangu", naandikaje kwenye faili ili ridhaa yake isimame?