Mama karuhusiwa baada ya kiharusi, siku ya 9 karudi wodini. Tupeane uzoefu

Binti wa Mwisho: Wakuu, jana nimemrudisha mama hospitali. Kiharusi kilimpata mwezi uliopita, upande wa kulia ukalegea. Kuruhusiwa tu, homa, kikohozi, pumzi juu juu. Daktari kasema nimonia, chakula kinapitia njia ya hewa. Tulikuwa tunamlisha amelala. Nyie wenzangu iliwakutaje?

Kaka Mkubwa: Ile ile. Baba, nimonia.

Mjukuu: Umenitonesha. Bibi nilikuwa namlisha mimi. Uji wa ulezi mwepesi, nikidhani mwepesi ndio unateremka. Akimeza, sauti inakuwa kama ina maji ndani. Mimi nasema koo limekauka, naongeza kijiko. Siku hiyo akapaliwa, macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi. Nikamwinamisha, nampiga mgongoni huku nawaita majirani. Kwenye bajaji nilikuwa nimemshika kidevu, nahesabu pumzi zake. Kalazwa wiki 3 na mpira wa puani. Mtu wa mazoezi ndiye aliyenionyesha: akae wima, kidevu kishuke, uji mzito, kijiko cha chai, na asilazwe mpaka nusu saa ipite. Dakika 5 tu za maelezo! Kwa nini hatukupewa mara ya kwanza?

Mama Wawili: Nimelia. Bibi yupo?

Mjukuu: Yupo. Leo kala ndizi za kuponda.

Fundi: Mpeni maji mengi, yalainishe koo.

Mama Wawili: Maji matupu ndiyo yanayompalia!

Jirani Mwema: Sisi ilikuwa presha. Mzee kaona yuko sawa, kaacha vidonge, kapata kiharusi cha pili.

Fundi: Vidonge vinachosha wazee. Kitunguu saumu kilimponya mjomba wangu.

Jirani Mwema: Usiwapoteze watu. Huyo mjomba mara ya mwisho kapimwa presha lini?

Fundi: Nimesema kilichomsaidia, sijamlazimisha mtu.

Nesi Mstaafu: Kitunguu kiwe kwenye mboga, vidonge visikatishwe. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, vidonda vya kulalia navyo vinarudisha watu wodini. Kama ana mpira wa mkojo na mkojo umekuwa mzito wenye harufu kali, msingoje homa. Na hilo la kushusha kidevu si la kila mgonjwa, lazima waangalie kwanza anavyomeza.

Binti wa Mwisho: Asante mama. Na vidonge je? Huwa namdondoshea mdomoni akiwa amelala, na maji.

Nesi Mstaafu: Hapana mwanangu. Mkalishe kwanza. Kesho waulize kama vinaweza kusagwa, vingine havisagwi.