Batman versus Predator au Predator Kills the Marvel Universe: ninunue ipi?

Wino Mweusi
Wakuu, habari zenu. Nimetenga hela ya komiki moja tu, na zimebaki mbili: Batman versus Predator ile ya 1991, na Predator Kills the Marvel Universe iliyoanza kutoka Agosti 2025. Zote zinahusu wale wawindaji wa kutoka sayari nyingine wanaong'oa fuvu la mtu pamoja na uti wa mgongo. Ipi bora? Naagiza mwisho wa wiki.

Kurasa Mbili
Mkuu, bora kwa lipi? Unatafuta hadithi au unatafuta damu? Unasoma kwenye karatasi au kwenye simu? Umeshawahi kusoma Predator yoyote? Na ni yako mwenyewe au unamnunulia mtu? Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mmoja hapa atakutajia anayoipenda yeye.

Mwindaji87
Chukua Batman, usihangaike. Dave Gibbons aliandika, ndugu wawili Andy na Adam Kubert wakachora, na Adam akapata Eisner ya 1992, tuzo kubwa ya komiki, kwa kazi yake ya kupitisha wino juu ya michoro ya penseli humo. Hadithi inaanza na mauaji ya mabondia wa Gotham, mji wa Batman. Mwindaji katua mjini anatafuta wababe, kaanza na mabingwa wa ngumi, anapanda mpaka anamfikia Batman. Na Batman anapigwa kweli! Anararuliwa vibaya, anarudi nyumbani nusu mfu, analala kitandani huku mji unaendelea kuzika watu. Akiinuka anavaa deraya. Matoleo 3 tu, lakini hofu yake ni nzito kwa sababu unajua huyu ni binadamu, akikatwa hana cha kumponya.

Bi Jalada
Mwindaji87, Batman ni nzuri, sikatai, ila umemnyima mwenzetu upande wa pili. Benjamin Percy hakukurupuka na hii ya 2025. Aliandika Predator vs. Wolverine mwaka 2023, Black Panther mwaka 2024, Spider-Man mapema 2025, ndipo akaja kwenye mauaji ya mashujaa wote wa Marvel.

Ushauri wangu: usinunue hata moja kati ya hizo mbili, nunua ya Wolverine. Mwindaji mmoja anamsaka Logan, ndiye Wolverine mwenyewe, kwa miongo kadhaa, toka ujana wake, na wachoraji wanabadilika kadiri zama zinavyobadilika. Logan anapona majeraha, kwa hiyo mwandishi anaweza kumkata apendavyo na kesho yake bado yupo, ana maumivu na ana kumbukumbu. Pale ukatili unamjenga mhusika. Kwenye Kills matoleo ni 5 na mashujaa ni umati mzima. Mtu uliyemfuata tangu utotoni anapewa nafasi finyu ya kufa, ukifungua ukurasa kaja mwingine. Marcelo Ferreira anachora vizuri, mapambano yake yanasomeka, lakini mimi nilijikuta nahesabu maiti tu.

Wino Mweusi
Asanteni. Nataka ya karatasi. Film ya kwanza ya 1987 nimeitazama, komiki za Predator sijasoma hata moja. Na nitasoma na mdogo wangu, ana miaka 13.

Mama Maktaba
Ndugu yangu, hilo la mdogo wako lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza ya uzi huu! Hao wawindaji tangu film ya kwanza alama yao ni maiti iliyochunwa ngozi na kuning'inizwa kichwa chini. Hakuna hata moja kati ya ulizotaja niliyo tayari kumpa wa miaka 13 bila mimi kuimaliza kwanza. Na tafadhali usikimbilie Archie vs. Predator ya 2015 kwa kuona michoro yake ya kitoto. Fernando Ruiz kaichora kwa mtindo ule ule laini wa Archie wa siku zote, zile komiki za utani za wanafunzi, halafu wanafunzi wanachinjwa humo ndani. Kwangu ile inatisha kuliko zote, maana macho yanategemea utani na yanakutana na utumbo.

Mwindaji87
Wa miaka 13 anajua kutenganisha hadithi na maisha. Tatizo la Kills si damu, ni sheria. Mwindaji hamgusi asiye na silaha. Kwenye film ya pili ya 1990 alimwacha askari mwanamke baada ya kuona ni mjamzito. Akivamia dunia nzima kwa kisasi, huyo ni jeshi, si mwindaji tena.

Kurasa Mbili
Sheria iko pale pale, Mwindaji87. Kwa macho yao shujaa ni silaha inayotembea. Swali langu ni jingine: mwenye mkuki na mzinga mdogo wa begani anamuuaje anayeruka na kubeba meli? JLA versus Predator ya 2001, ya kikosi cha kina Superman na Batman, ililiona tatizo hilo, wawindaji wakapewa nguvu zinazofanana na za mashujaa wenyewe. Suluhisho rahisi mno kwangu. Nampenda mwindaji anayekaa kimya, anasoma tabia za windo lake, anasubiri likosee.

Sanduku la Komiki
Naomba niwarudishe kwenye kununua, maana niliumizwa. Nilinunua mtandaoni kwa muuzaji mmoja, tangazo limeandikwa "seti kamili, matoleo manne", picha zinaonyesha majalada manne tofauti. Mzigo umefika, nafungua: toleo la kwanza lina jalada la aina mbili, la pili nalo aina mbili. Yaani hadithi nusu, kila nusu mara mbili! Nikamwandikia, akajibu kwamba majalada manne ndiyo matoleo manne. Nikamtumia picha za kurasa za kwanza zikiwa pamoja, neno kwa neno zilezile. Kimya. Hela haikurudi, na matoleo mawili ya mwisho nikayatafuta kwingine kwa bei ya juu.

Kwa hiyo usiangalie jalada. Angalia tarakimu tano ndogo pembeni ya ile mistari myeusi ya msimbopau. Tatu za kwanza ni nambari ya toleo, ya nne ni aina ya jalada, ya tano ni awamu ya uchapishaji. 00111 na 00121 ni hadithi ileile. Au mwulize muuzaji moja kwa moja kama ni kitabu kimoja kilichokusanya matoleo yote.

Bi Jalada
Pole sana, huo ni wizi. Ila kitabu nacho kina hasara: picha ya kurasa mbili inamezwa pale katikati kwenye mshono. Ukiwa na matoleo mojamoja yaliyobanwa kwa pini, unaifungua picha yote.

Mama Maktaba
Na vifo vyenyewe havibaki. Ukifunga Kills, mwezi unaofuata mashujaa wote wapo kwenye komiki zao. Anayetaka kifo cha kweli asome WildC.A.T.s/Aliens ya 1998. Warren Ellis aliandika, Chris Sprouse akachora, na wengi wa Stormwatch, kikosi cha mashujaa, waliuawa humo.

Mwindaji87
Hiyo ni Aliens, majitu ya film nyingine, si wawindaji.

Mama Maktaba
Najua ni Aliens. Nasema vifo.

Wino Mweusi
Sasa nimezidi kuchanganyikiwa, nilikuja na mbili nina tano. Hiyo ya 1998 ni ndefu?

Mama Maktaba
Toleo moja tu, mkuu. Ila isome wewe kwanza, mdogo wako baadaye.