Kijana wangu anakaribia kumaliza skuli: nimwandae vipi?

Mama wa Wete: Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Mwanangu ana miaka 16 na ana ulemavu wa akili. Anapenda sana kushona, lakini hesabu ya pesa humshinda. Nianzie wapi kabla hajatoka skuli?

Mwalimu, Chake Chake: Wa alaykumu salaam, mama. Usisubiri mwaka wa mwisho. Omba kikao na walimu wake sasa, kijana mwenyewe awepo na aulizwe yeye anachokitaka, kisha mwende naye kituo cha mafunzo ya amali (ufundi wa kazi) cha Vitongoji, hapa Pemba, mkaulize kuhusu ushonaji na msaada atakaouhitaji darasani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 27 haki yake ya kufanya kazi. Kwa hiyo mnapoomba nafasi hamwombi hisani.

Mzazi, Unguja: Naungana na mwalimu. Pesa, dada yangu, zifundishwe nyumbani: mtume dukani kwa kitu kilekile na noti ileile, mpaka aijue chenji yake. Akitimia miaka 18, muone sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kuhusu kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kwani bila hicho kufungua akaunti ni vigumu.