Naombeni ushauri: santuri za mzee zimeota ukungu

Kijana_Soroti: Habari za jioni ndugu zangu. Nina sanduku la santuri za baba, kama 40 hivi, zimekaa stoo Soroti miaka mingi. Zimeota ukungu mweupe, majalada mengine yameliwa na mchwa. Kuna mnunuzi anakuja Kampala Ijumaa. Anayoitaka hasa ni moja ya roki ya Zambia, ya bendi ya WITCH, ya 1975. Ukungu unatokaje bila kuikwaruza? Sijalala siku mbili.

MamaWawili_Jinja: Pole sana mwanangu kwa kumpoteza baba. Mungu amlaze pema.

Abdu_Arua: Umenikumbusha mbali! Mjomba wangu alikuwa na kaseti ya hao WITCH. Gitaa linakoroma kama jenereta iliyoishiwa oili. Mwimbaji wao alijiita Jagari, akimfuata Mick Jagger. Utepe ulikuwa ukijisokota tunaurudisha kwa kalamu, kisha mjomba anatuchapa kwa kugusa.

Boda_Ntinda: Uza. Santuri hailiwi.

Fundi_Redio: Kabla ya ukungu, kijana. Mzee alifariki lini, na ndugu zako wanajua?

Kijana_Soroti: Hajafariki. Mimi sikusema amefariki, ninyi ndio mmesema. Yupo nyumbani, ana miaka 74. Lakini gramafoni yake iliibiwa zamani, hazisikilizi. Halafu nimeshapokea advansi ya milioni moja, imeingia kwenye injini ya pikipiki. Sasa mnataka nifanyeje?

MamaWawili_Jinja: Na mimi nimeshamwombea! Huo ni wizi, mwanangu, hata kama ni wa ndani ya nyumba.

Kijana_Soroti: Si wizi mama, zingeliwa na mchwa zote. Na siuzi zote. Kuna ya mwanamuziki Geoffrey Oryema, mzaliwa wa hapa hapa Soroti, mzee aliinunua 1978. Hiyo namwachia.

Kanda_za_Kale: Hapo umejikwaa. Oryema alikimbia nchi 1977, Amin alipomuua baba yake aliyekuwa waziri. Alivushwa kwenda Kenya ndani ya buti ya gari. Albamu yake ya kwanza, Exile, ilitoka 1990 akiwa Ufaransa. Hiyo ya 1978 alimuuzia nani? Uzi wa kutunga huu.

Boda_Ntinda: Nilijua! Kesho atatuletea santuri ya Mfalme Daudi na kinubi chake.

Abdu_Arua: Wa kutunga au wa kweli, Oryema mnamtaja kwa nadra mno. Kiacholi na Kiswahili ndani ya albamu moja, na ile ala ya nyuzi saba iitwayo nanga. Mimi nikiisikia usiku nazima taa.

Fundi_Redio: Kijana, nenda kaangalie hilo jalada kisha urudi.

Kijana_Soroti: Nimeangalia kwa tochi ya simu. Nilichanganya, samahanini. Hiyo 1978 imeandikwa kwa kalamu kwenye jalada la ile ya Zambia. Mwandiko ni wa mzee. Chini yake kuna jina la mama.

Boda_Ntinda: Ee. Injini bado ina risiti?

MamaWawili_Jinja: Mpigie mzee leo hii, usingoje Ijumaa.

Kijana_Soroti: Nikimpigia nianze na lipi, mama?

Fundi_Redio: Kuhusu ukungu: maji safi vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Futa kwa kuzunguka kufuata mifereji, usiikate. Lebo isilowe. Anika kivulini, juani itapinda.