Programu gani nyepesi ya imeili inayohifadhi barua kama maandishi matupu?

MamaMaziwa_Njoro

Habari zenu. Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa maziwa huku Njoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni barua: wanunuzi, daktari wa mifugo, ofisi ya ushirika ya kaunti, benki. Zote zinaingia kwenye anwani moja ya Gmail iliyofunguliwa na katibu aliyenitangulia. Wanachama wakibishana kuhusu bei tuliyokubaliana na mnunuzi, mimi ndiye ninayeulizwa, na sitaki jibu litegemee kama bando lipo ama stima zimepotea.

Nataka kila barua ikae kwenye laptopi kama maandishi matupu, ifunguke hata kwa Notepad, na katibu atakayekuja baada yangu aisome bila kutafuta programu maalum. Laptopi ina RAM ya GB 2 na mfumo wa Linux Mint, toleo jepesi la Xfce. Kila mwisho wa mwezi nanakili kila kitu kwenye flashi ambayo mweka hazina anakaa nayo. Wengi wananiambia nitumie Thunderbird. Itaiweza mashine hii?

Msomi_Bondo

Thunderbird tu, dada. Ni ya bure na inaingia Gmail bila taabu. Ukitaka maandishi, fungua barua, bonyeza Save As, chagua Text. Basi.

MamaMaziwa_Njoro

Asante kaka. Lakini hizi ni barua za miaka. Siwezi kuzihifadhi moja moja.

FundiKondele

Mama, kabla ya kuuliza uzito wa programu, uliza inaziwekaje barua kwenye diski. Hapo ndipo pa kuamua.

Thunderbird kwa kawaida hutumia mpangilio uitwao mbox. Folda nzima ya barua inakuwa faili moja ndefu, barua zimefuatana, na kila barua mpya inatambulika kwa mstari unaoanza na neno "From". Ni maandishi, ndiyo, na Notepad itajaribu kuyafungua. Lakini barua moja tu ikiingia, faili lote limebadilika, kwa hiyo mwisho wa mwezi unanakili upya GB zote. Na flashi nyingi zinazouzwa huku kwetu zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GB 4. Sanduku likifika hapo, kunakili kunakataa. Tena antivirusi ikikuta kiambatisho kibaya ndani yake inaweza kulifungia faili zima, na barua zako zote zikaenda nalo. Nimeletewa mashine za namna hiyo hapa Kondele, na mwenyewe analia.

Kuna Maildir, mpangilio aliobuni Daniel J. Bernstein miaka ya 1990 kwa ajili ya qmail, programu ya seva ya barua. Barua moja, faili moja. Ni mzuri sana kwenye seva, ila majina ya faili zake hubeba nukta mbili (:) kuonyesha kama barua imesomwa, na FAT32 haikubali alama hiyo kwenye jina. Kwa hiyo flashi ya mweka hazina itagoma tena.

Unaokufaa wewe ni MH. Ni wa zamani zaidi, ulitoka shirika la RAND kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Folda ni folda ya kawaida, barua ni faili, na jina la faili ni nambari tupu: 1, 2, 3. Flashi yoyote inalipokea. Ukinakili kwa rsync, programu ya kunakili yaliyobadilika tu, zinakwenda zile mpya peke yake.

Programu nyepesi zinazotumia MH ni Sylpheed na mtoto wake Claws Mail. Sylpheed ni nyepesi kupita kiasi, lakini maendeleo yake yamepoa. Ningechukua Claws Mail. Ipo kwenye hazina ya programu za Mint, na kwa GB 2 itakwenda vizuri.

Mambo ya kuangalia wakati wa kuiweka: kwenye njia ya kuchukua barua chagua POP3, inayozishusha kwenye laptopi, si IMAP, kwa sababu ukitumia IMAP barua zenyewe zinabaki kwa seva. Kisha ondoa ile alama inayoiambia programu ifute barua kwenye seva baada ya kuzichukua. Upande wa Gmail, ruhusu POP kwa barua zote, pamoja na za zamani. Zitashuka kwa mafungu, kwa hiyo usishtuke ukiona zimesimama, bonyeza tena. Tangu 2022 Google haikubali nywila ya kawaida kwa programu za aina hii kwenye akaunti za kibinafsi. Njia rahisi ni nywila ya programu, yenye herufi 16, na huipati bila kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Sasa jiulize: namba ya simu iliyo kwenye akaunti ni ya nani? Kama bado ni ya katibu wa zamani, ibadilisheni mkiwa mmekaa pamoja, kabla hamjagusa kitu kingine.

mwalimu_Maseno

Fundi amesema vyema, lakini kuna jambo limebaki. Faili kuwa maandishi matupu si sawa na kusomeka. Viambatisho, na mara nyingine barua yenyewe, husafiri vikiwa vimesimbwa, yaani vimegeuzwa kuwa herufi nyingine, kwa njia iitwayo base64. Neno "maziwa" linakuwa bWF6aXdh. Mama atafungua kwa Notepad aone ukurasa wa herufi zisizo na maana.

Kiswahili kina bahati kwamba herufi zake zote ni za kawaida, hivyo barua nyingi zinasomeka moja kwa moja. Isipokuwa "ng'". Simu nyingi huweka kile kiritifaa kilichopinda, na barua ikisimbwa kwa njia nyingine, quoted-printable, ng'ombe anageuka ng=E2=80=99ombe. Ukimtafuta kwa jina lake kamili humpati. Tafuta "ombe". Mistari mirefu nayo hukatwa kwa alama ya =, hata katikati ya neno.

Ushauri wangu: ziache faili za MH jinsi zilivyo, hizo ndizo ushahidi, pamoja na vichwa vyake vyote, ile mistari ya juu yenye mtumaji, tarehe na njia iliyopita barua. Halafu tengeneza nakala ya pili ya kusoma. Mimi natumia mutt, programu ya barua ya dirisha jeusi la kuandika amri, ambayo inasoma MH pia: T kisha ~A kuzichagua zote, halafu alama ya ; na Esc C, na zinaandikwa kwenye faili jingine zikiwa zimefumbuliwa. Zile za HTML tupu, zilizoandikwa kama kurasa za wavuti, zinahitaji w3m, programu ya kuzigeuza kuwa maandishi, ipangwe kwanza. Kama dirisha jeusi linakutisha, kijana yeyote anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, atakuandikia programu fupi. Moduli ya mailbox inayokuja na Python inaielewa MH.

MamaMaziwa_Njoro

Mungu awabariki. Namba tumeshabadilisha, na katibu wa zamani alikuja mwenyewe bila kinyongo. Claws imewekwa na barua zinaendelea kushuka. Hiyo ya "ombe" imenisaidia leo leo: barua ya daktari kuhusu chanjo ilikuwa hapo wakati wote, na nilikuwa naitafuta bila kuiona.

Swali moja la mwisho. Kwenye kumbukumbu za mkutano naweza kuandika "tazama barua namba 212"?

FundiKondele

Hapana, mama. Ukihamisha barua kwenda folda nyingine inapata nambari mpya, na ukiifuta nambari yake inaweza kuja kupewa barua nyingine. Andika tarehe, mtumaji na mada. Kwa zile za bei na mikataba, nakili pia mstari wa Message-ID ulio juu ya barua. Huo haubadiliki hata ikihamishwa, na aliyekutumia anao uleule kwake.